Kuingia Dukani na Mbwa wa Huduma Marekani: Mwongozo kwa Mwenye Mbwa na kwa Mwenye Duka

Ukiingia dukani Marekani ukiwa na mbwa wa huduma, mfanyakazi wa duka ana maswali mawili tu anayoruhusiwa kukuuliza. La kwanza: je, huyu ni mbwa wa huduma unayemhitaji kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefundishwa kufanya kazi gani? Zaidi ya hapo hana la kuuliza. Haruhusiwi kukuuliza unaumwa nini, haruhusiwi kudai cheti wala kitambulisho cha mbwa, na hawezi kukutaka umwamuru mbwa aonyeshe anachokijua. Kama kazi ya mbwa inaonekana wazi, mathalani anamwongoza mtu asiyeona, hata hayo maswali mawili hayaulizwi.

Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu ndiyo yanayowaponza wenzetu wengi, pande zote mbili za kaunta. Mwenye mbwa anaogopa kutoka nyumbani kwa kuwa hana "karatasi", au ametoa fedha nyingi kununua karatasi isiyo na nguvu yoyote. Mwenye duka naye anamzuia mteja halali kwa kuwa hakuonyeshwa karatasi hiyohiyo, kisha anamkaribisha mwenye mbwa mkorofi kwa kuwa tu kavikwa kizibao chekundu. Wote wawili wanaangalia kisichohusika. Kinachotazamwa na sheria ni mafunzo ya mbwa na tabia yake.

Mwongozo huu ni wa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani: waliotoka Kongo wakapokelewa Louisville, Boise au Portland ya Maine, waliotoka Kenya, Tanzania na Burundi, wenye ulemavu, wazazi wa watoto wenye ulemavu, na vilevile wenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, wauza nyama halali, makeshia na madereva wa teksi.

Sheria inayokulinda

Jina lake ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ijulikanayo kwa kifupi kama ADA. Rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 26 Julai 1990. Kanuni zake kuhusu wanyama zilifanyiwa marekebisho mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 15 Machi 2011, na tangu hapo mnyama wa huduma ni mbwa peke yake. Kuna kanuni ya pembeni kuhusu farasi wa umbo dogo, wanaotumiwa na baadhi ya watu wasioona, lakini si jambo utakalokutana nalo kila siku.

Sheria hii inabana kila biashara iliyo wazi kwa umma: supamaketi, duka la dawa, mgahawa, saluni, hoteli, sinema, zahanati. Ukubwa hauangaliwi. Duka la chumba kimoja linaloendeshwa na mume na mkewe linabanwa sawa na duka kubwa lenye matawi nchi nzima. Wengi hudhani wafanyabiashara wadogo wamesamehewa, kwa sababu katika mambo ya ajira ADA inaanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15. Kwa wateja hakuna kiwango hicho. Na sheria inaposema hakuna mtu atakayebaguliwa, haikusema mtu mwenye uraia.

Nyumba za ibada ziko nje ya ADA. Ukitaka kuingia kanisani au msikitini na mbwa wako, zungumza na mchungaji au imamu mapema, kwa heshima, ukimweleza mbwa anakusaidia nini. Huko unaomba, hudai.

Hatua ya kwanza: hakikisha mbwa wako anastahili jina hilo

Sharti ni mawili. Wewe uwe na ulemavu, wa mwili, wa milango ya fahamu, wa akili au wa afya ya akili. Na mbwa awe amefundishwa, yeye mwenyewe, kufanya kazi mahususi inayohusiana na ulemavu huo.

Kazi hizo ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Yupo anayemwongoza asiyeona. Yupo anayemgusa kiziwi mguuni mtu anapoliita jina lake au gari linapopiga honi. Yupo anayenusa sukari ikishuka kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari na kumshtua kabla hajaanguka. Mwingine hukaa karibu na mtu wa kifafa wakati wa degedege asijiumize, au hukimbia kuita msaada. Mwingine huokota funguo na simu za mtu asiyeweza kuinama, huvuta kiti cha magurudumu, hufungua mlango. Na wapo wanaowasaidia walioumizwa na vita: mbwa anahisi hofu inapanda, anamwegemea mwenyewe kwa uzito wake wote mpaka pumzi irudi, au anamwamsha kutoka kwenye jinamizi.

Hili la mwisho linawahusu sana ndugu zetu waliopita kwenye mapigano ya mashariki ya Kongo au Burundi, na ndilo wanalolionea aibu zaidi. Wengine hawamwambii hata daktari. Kiwewe cha vita kinachomzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku kinatambuliwa na sheria ya Marekani kuwa ulemavu, na mbwa aliyefundishwa kukikabili ana haki sawa na mbwa wa mtu asiyeona. Hakuna daraja la kwanza na la pili.

Mpaka uko hapa: mbwa anayekufariji kwa kuwapo tu si mbwa wa huduma chini ya ADA. Waingereza na Wamarekani humwita "emotional support animal", na hata barua ya daktari haimpi haki ya kuingia dukani. Tofauti ni kati ya "nikiwa naye natulia" na "hofu ikinipanda, amefundishwa kunigusa mkono na kunipeleka mlangoni". Sentensi ya kwanza inahusu hisia zako. Ya pili inahusu kazi ya mbwa, na ndiyo inayofungua mlango.

Si lazima umtoe mbwa kwenye shule maalumu. Ukiweza kumfundisha mwenyewe, sheria inamkubali. Lakini kwa mtu asiyeona ningeshauri shule. The Seeing Eye, iliyoanzishwa mwaka 1929 na sasa iko Morristown, New Jersey, na Guide Dogs for the Blind ya California, iliyoanza mwaka 1942, zina uzoefu wa miongo mingi, na hiyo ya California hutoa mbwa na mafunzo bila malipo. Kumwongoza mtu barabarani kati ya magari si kazi ya kujaribiajaribia.

Mbwa ambaye bado anafundishwa halindwi na ADA. Majimbo mengi yana sheria zao zinazomruhusu kuingia madukani akiwa mwanafunzi, kwa hiyo angalia ya jimbo lako kabla ya kumzoesha ndani ya maduka.

Hatua ya pili: usinunue karatasi

Kwenye intaneti kuna tovuti nyingi zinazouza "usajili wa taifa" wa mbwa wa huduma, kadi yenye picha, kizibao na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Hakuna usajili wa taifa. Wizara ya Sheria ya Marekani imesema waziwazi kwamba haizitambui karatasi hizo kuwa uthibitisho wa chochote. Inaniuma kuona mtu anayelipwa kwa saa ghalani akitoa jasho la siku nzima kununua plastiki.

Kizibao nacho si lazima. Ukitaka kumvisha kinasaidia, kwa maana kinapunguza macho na maswali, lakini kukosa kizibao hakukupotezei haki.

Karatasi unazozihitaji ni za kawaida: leseni ya mbwa ya mji wako pale inapotakiwa kwa mbwa wote, na hati ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Zitunze nyumbani, maana duka halina haki ya kuzidai.

Hatua ya tatu: andaa jibu lako, na uandae mbwa

Kabla ya siku ya kwanza dukani, tunga sentensi moja inayojibu swali la pili. Iwe fupi, iwe na kitenzi kinachotaja kazi, isitaje ugonjwa. "Ananishtua kabla sijazimia." "Ananiokotea vitu." "Ananijulisha sauti nisizozisikia." Kisha itafsiri kwa Kiingereza, umpe mtu anayekijua vizuri akusahihishie, uirudierudie mpaka itoke bila kufikiri. Mtu akizuiwa mlangoni huku foleni ikimwangalia, lugha ya pili hukimbia. Neno la kwanza kulisema ni "service dog", kwa kuwa ndilo lililo kwenye mabango na kwenye mafunzo ya wafanyakazi. Kama Kiingereza ni kizito kwako, iandike sentensi hiyo kwenye kadi na uionyeshe. Kadi hiyo haithibitishi kitu, inasema tu kwa niaba yako.

Ukiulizwa unaumwa nini, huna wajibu wa kujibu. Waweza kusema kwa upole, "Hilo ni la siri yangu, lakini kazi ya mbwa ni hii," ukarudia sentensi yako. Hata daktari wako habanwi kulijibu duka.

Kuhusu mbwa: ajisaidie kabla ya kuingia. Awe amefungwa kamba au mkanda wa kifuani, isipokuwa kama kamba inaizuia kazi yake au ulemavu wako haukuruhusu kuishika. Hapo umwongoze kwa sauti au ishara. Azoee kupita karibu na nyama bila kuinua pua, kulala chini ya miguu yako kwenye foleni, na kuwapuuza watoto wanaompigia mluzi. Anza na saa za utulivu, asubuhi katikati ya wiki, wala si Jumamosi mchana.

Hatua ya nne: mlangoni na ndani

Mtu akikusimamisha, simama, tabasamu, msikilize. Mara nyingi ni mfanyakazi mgeni asiyefundishwa. Jibu maswali mawili kama yameulizwa. Kama amekuambia tu "mbwa hawaruhusiwi", mwambie ni mbwa wa huduma. Wengi huishia hapo.

Ndani ya duka unakwenda popote wateja wanapokwenda, ikiwemo sehemu ya vyakula na kaunta ya kujipakulia saladi. Kanuni za afya za mji hazimzuii mbwa wa huduma kuingia eneo la wateja. Jikoni na kwenye bucha nyuma ya kaunta wewe mwenyewe huingii. Mbwa akae chini au umbebe. Usimweke ndani ya toroli, watu wengine wataweka chakula chao humo. Mgahawani hatakiwi kukalia kiti wala kulishwa mezani.

Duka halikutozi ada kwa ajili ya mbwa, hata kama linawatoza wenye mbwa wa kawaida. Hoteli haikulazimishi kulala kwenye vyumba vya "wenye wanyama" wala haikutozi usafi wa manyoya yaliyodondoka. Lakini akivunja kitu au akitafuna zulia, na biashara ina desturi ya kuwadai wateja wote wanaoharibu, utalipa kama wengine.

Aina ya mbwa si sababu ya kukuzuia. Hata kama watu wanaogopa aina fulani, duka halikukatazi kwa sura yake. Linaweza kukutoa kwa jambo alilolifanya huyo mbwa wako.

Na hapo ndipo penye uzito. Mbwa anayebweka mfululizo, anayewarukia watu au kunguruma, na wewe humdhibiti, anaweza kutolewa. Vilevile akijisaidia sakafuni. Bweko moja la kushtuliwa halitoshi. Akitolewa, duka bado linapaswa kukupa nafasi ya kupata huduma wewe mwenyewe bila mbwa.

Ukiwa wewe ndiye mwenye duka

Wafundishe wafanyakazi wako maswali mawili na uyabandike nyuma ya kaunta. Kwa mteja anayesema Kiswahili yanaweza kuulizwa hivi: "Karibu, mama. Samahani nikuulize, huyu ni mbwa wa huduma unayemhitaji kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kukufanyia kazi gani?" Akijibu, sema ahsante, mhudumie. Usimwambie "mbona unaona vizuri?" Ulemavu mwingi hauonekani, na kumtaka mtu athibitishe maradhi yake mbele ya foleni ni kumvua nguo hadharani.

Baada ya hapo mtazame mbwa. Ametulia karibu na mwenyewe? Muache. Analeta fujo? Mwambie mwenyewe amdhibiti. Akishindwa au akikataa, una haki ya kuomba mbwa atoke, ukijitolea kumletea mteja bidhaa zake mlangoni. Utaratibu huu unakulinda na waongo bila kukuingiza kwenye kosa. Wapo wanaodanganya, na majimbo kadhaa yanawaadhibu: California kwa faini hadi dola 1,000 au kifungo hadi miezi sita, Florida kwa kosa la jinai pamoja na saa 30 za kazi ya jamii. Kazi ya kuwakamata si yako.

Hofu ya mbwa na mzio havikubaliwi kuwa sababu ya kumkatalia mteja. Najua hofu yetu ina chanzo. Kwetu kichaa cha mbwa kinaua, na mbwa wengi ni wa kulinda usiku, si wa kukaa na watu. Mfanyakazi anayeogopa abadilishane kaunta na mwenzake. Mteja mwenye mzio apewe nafasi upande mwingine wa chumba. Wote wawili wahudumiwe.

Kwa Waislamu kuna suala la unajisi, na linastahili jibu la heshima. Watu wa pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wanamwona mbwa hai kuwa safi, si najisi. Lakini hata kwa Shafi, najisi huhama kwa umajimaji; mbwa mkavu aliyepita kando yako hakukuachia kitu. Na Qur'ani inaruhusu nyama iliyokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda (5:4), na inamtaja mbwa wa watu wa pangoni aliyelala kizingitini pao (18:18). Kumhudumia mtu mwenye mbwa hakukulazimu kumgusa mbwa. Kwa kweli hutakiwi kumgusa: anafanya kazi, na ukimchezea unamwondolea umakini. Anayepakia chakula ndiyo kabisa asimpapase. Ukiwa mwajiriwa na jambo hili linakusumbua, mweleze bosi mapema mpange zamu. Lisije kujitokeza mteja akiwa mbele yako.

Teksi, ndege na nyumba

Dereva wa teksi au wa Uber na Lyft hawezi kukataa abiria kwa sababu ya mbwa wa huduma, na gari kuwa lake hakubadilishi hilo. Mwaka 2021 msuluhishi aliamuru Uber imlipe dola milioni 1.1 mwanamke asiyeona wa California aliyekataliwa safari mara 14 kwa sababu ya mbwa wake. Madereva wenzetu, tandikeni shuka kwenye kiti cha nyuma mwendelee na kazi.

Kanuni za dukani usizibebe kila mahali. Kwenye ndege kuna kanuni nyingine, na tangu Januari 2021 shirika linaweza kukutaka ujaze fomu ya serikali kuhusu afya na mafunzo ya mbwa. Kwenye nyumba ya kupanga ni kinyume: sheria ya makazi ni pana zaidi, na hata mnyama wa faraja tu anaweza kukubaliwa ukiomba.

Ukizuiwa

Usipige kelele, wala usiondoke kabla ya kumwomba meneja. Mweleze meneja mambo matatu kwa utulivu: huyu ni mbwa wa huduma, kazi yake ni hii, na ADA inaniruhusu kuingia naye. Maduka makubwa yana sera za maandishi juu ya hili na meneja huzijua kuliko mlinzi wa mlangoni.

Akikataa, toka nje na uandike hapohapo kwenye simu: tarehe, saa, anwani ya duka, jina la mfanyakazi au maelezo yake, maneno aliyosema kama alivyoyasema, na majina ya walioshuhudia. Tunza risiti. Piga picha bango la "hakuna mbwa" kama lipo. Kumbukumbu ya leo ina nguvu kuliko ya baada ya mwezi.

Kesho yake andikia makao makuu ya kampuni. Barua fupi: kilichotokea, unachokitaka. Omba wafanyakazi wafundishwe na ujibiwe kwa maandishi. Mengi huishia hapa, na kwa duka dogo la jirani yako naona ndiyo njia ya haki, kumpa nafasi ya kujirekebisha.

Ukikosa jibu, peleka malalamiko Wizara ya Sheria, kupitia tovuti ya ada.gov au kwa posta. Hulipi kitu na huhitaji wakili. Kwa maswali kabla ya kuandika, simu ya taarifa za ADA ni 800-514-0301. Kila jimbo pia lina shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu linalofadhiliwa na serikali kuu, ambalo halitozi ada. Omba mkalimani wa Kiswahili. Kama una wasiwasi na hali yako ya uhamiaji, anzia kwa shirika hilo au kwa mwanasheria badala ya kuandika mwenyewe serikalini.

Uwe na subira. Ukaguzi wa malalamiko unaweza kuchukua miezi mitatu, na wizara huweza kuyapeleka kwenye usuluhishi. Ikiamua kushtaki, faini ya juu kwa kosa la kwanza ni zaidi ya dola 100,000, lakini fedha hiyo ni ya serikali. Ukishtaki mwenyewe chini ya ADA, mahakama inaweza kulilazimisha duka libadilike na kulipa gharama za wakili wako, ila haikupi fidia. Fidia huwa kwenye sheria za majimbo: California, mathalani, ina kima cha chini cha dola 4,000 kwa kila tukio. Kwa hiyo kabla ya kuamua, uliza kwanza sheria ya jimbo lako inasemaje na muda wa kufungua shauri unakwisha lini.